Mitihani ya Shujaa Mwema: Mwongozo kwa Wasimulizi na Wachezaji wa Michezo ya Kuigiza

Miongoni mwa watu wote wanaoketi kuzunguka meza kucheza michezo ya kuigiza wahusika, ile ambayo msimulizi mmoja hueleza mambo ya nchi ya kubuni na wenzake kila mmoja husema na kutenda kwa niaba ya mtu mmoja wa nchi hiyo, na dadu ikaamua yale ambayo maneno hayawezi kuyaamua, hakuna anayestahili kutunzwa kwa uangalifu kuliko yule aliyechagua kuwa mwema. Mwenzake aliyechagua kuwa mwizi hana haja ya msaada mkubwa, kwa kuwa tamaa ni njia pana na kila mlango uliofungwa kwake ni kisa tayari. Aliyechagua sihiri ana vitabu vyake na siri zake. Lakini aliyeapa kusema kweli, kumlinda mnyonge na kutovunja ahadi, huyo ameweka mikononi mwa msimulizi kitu kinachoweza kuvunjika, na namna kitu hicho kitakavyoshikwa ndiyo itakayoamua kama miezi ya mchezo wenu itakuwa neema au itakuwa adha.

Nimekusudia kukuonyesha, ewe msomaji uliye msimulizi, jinsi ya kumtayarishia shujaa wa aina hii mitihani ya dhamiri iliyo ya haki, na kumwonyesha mchezaji jinsi ya kuikabili. Shauri langu kubwa nalitanguliza ili usihangaike kulitafuta baadaye. Mtu mwema hatahiniwi kwa kuwekewa heri na shari achague, kwa sababu uchaguzi huo alikwisha kuufanya siku alipomwumba mhusika wake. Hutahiniwa kwa kuwekewa heri mbili azipendazo zote, akajikuta hawezi kuzibeba pamoja. Msimulizi asiyelifahamu jambo hili hutega mitego akadhani anatunga mitihani, kisha hushangaa kwa nini mchezaji wake amenyamaza, na mwezi unaofuata amekuja na mhusika mpya, askari wa kukodiwa asiyejali chochote.

Yafaa kujua mtego huu ulikotoka. Mchezo wa Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapwa Marekani mwaka 1974, ulizaliwa na michezo ya vita vya masanamu madogo, na hapo mwanzo wema ulikuwa jina la kambi kuliko kuwa tabia ya moyo: kulikuwa na upande wa Sharia na upande wa Fujo, na kati yao walikuwako wasiojifunga na yeyote. Mwaka uliofuata kijitabu cha nyongeza kiitwacho Greyhawk kilimleta paladini, mpiganaji mtakatifu awezaye kuponya kwa kuweka mikono, ambaye sura yake imekopwa kwa sehemu katika visa vya kale vya mashujaa wa Mfalme Charlemagne, na kwa sehemu katika riwaya ya Poul Anderson, Three Hearts and Three Lions. Kilipotoka kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978, masharti ya paladini yalikuwa mazito kama ya mtawa: atoe sehemu moja ya kumi ya mapato yake, asimiliki zaidi ya vitu kumi vya sihiri, asifuatane na waovu, akitenda makusudi tendo la fujo aungame mbele ya kasisi wa daraja ya juu na kufanya kitubio, na akitenda uovu kwa kujua na kwa hiari, basi daraja yake imeondoka milele, wala hapana toba iwezayo kuirudisha.

Sharti hilo la mwisho, kwa rai yangu, ndilo lililoleta madhara makubwa kuliko kanuni nyingine yoyote katika historia ya michezo hii. Lilimpa msimulizi fimbo, na aliyepewa fimbo aghalabu hutafuta wa kumchapa. Hata ikawa desturi mezani kwamba paladini akionekana tu, msimulizi huanza kufikiri ni kwa hila gani atamwangusha, mara kwa mfungwa asiyeweza kuachiliwa wala kuuawa, mara kwa mama anayeomba msaada kumbe ni pepo aliyejigeuza. Toleo la mwaka 2000 lilibakiza adhabu lakini likafungua mlango wa toba, na la mwaka 2014 likaacha kabisa kumlazimisha paladini kuwa wa mwelekeo mmoja, likampa achague kiapo: kiapo cha Ikhlasi, kiapo cha Wakale, au kiapo cha Kisasi, kila kimoja na nguzo zake zilizoandikwa. Wapo wanaolalamika kwamba shujaa mtakatifu amelegezwa. Mimi naona kinyume, maana mtu aliyeapa mambo mahususi ana mengi zaidi ya kupoteza kuliko yule aliyeambiwa tu awe mwema, asijue wema huo unaanzia wapi na unakomea wapi ila msimulizi anapokasirika.

Basi anza kabla mchezo haujaanza. Kaa na mchezaji wako faraghani, umwombe akuandikie kiapo cha mhusika wake kwa maneno yake mwenyewe, ahadi zisizidi nne au tano, na kila ahadi iwe ya tendo linaloonekana. "Nitapigania haki" haikufai, kwa kuwa hata dhalimu huisema. "Sitamwua aliyeitupa silaha yake chini". "Sitakula ilhali aliye chini ya ulinzi wangu ana njaa". "Neno langu nikilitoa nitalitimiza hata kwa adui": hivi ndivyo viapo, kwa kuwa siku vitakapogusana kila aliye mezani atasikia mgongano wake bila ya kuelezwa. Kisha muulize mambo matatu, na usimharakishe kujibu: ni nani ambaye mhusika wake angekubali kufa kwa ajili yake, ni jambo gani asilokubali kulitenda hata kwa ajili ya huyo, na ni nani aliyemfundisha wema alio nao. Swali la tatu watu hulipuuza, nami nalithamini kuliko yale mawili, kwa sababu wema wa mtu una mama, una mwalimu, una bwana aliyemtumikia ujanani, na mtu huyo ukimleta mchezoni siku moja akiwa amekosea yeye, tena amekosea kwa sababu inayofahamika, umepata mtihani ambao hata joka la vichwa saba haliwezi kuuleta.

Katika kikao hicho hicho, au katika kikao cha wote, waulize wachezaji ni mambo gani wasiyotaka kuyaona mezani. Wako watu ambao mateso ya watoto, au udhalilishaji wa wanawake, au kumtesa mfungwa ili aseme, ni mambo yaliyowagusa katika maisha yao halisi, na hakuna kisa cha kubuni kinachostahili kununuliwa kwa bei ya kuwatonesha. Andika wanayoyataja, uyaheshimu, wala usidai sababu.

Sasa tuutazame mtihani mmoja mashuhuri, ambao kila msimulizi anayeanza hudhani ameuvumbua yeye. Katika The Keep on the Borderlands, kisa alichokiandika Gygax na ambacho wanafunzi wengi wa mchezo huu walikikuta ndani ya sanduku lao la kwanza mapema miaka ya 1980, mashujaa huondoka ngomeni kwenda kwenye mapango wanakokaa makabila ya maorki, magoblini na viumbe wengineo waliohesabiwa kuwa waovu. Na katika maelezo ya mapango hayo, pamoja na idadi ya wanaume wapiganao, imeandikwa pia idadi ya wanawake na watoto. Hapo ndipo paladini, baada ya kuwashinda wapiganaji, hufungua mlango wa mwisho akakuta watoto wa maorki wamejikunyata gizani, na msimulizi humtazama kwa macho ya ushindi na kumwuliza: utafanyaje?

Swali hili likiulizwa hivyo ni baya, na ubaya wake haumo katika uzito wake bali katika ufisadi wa misingi yake. Ama viumbe hawa wana hiari, wanaweza kupenda na kujuta na kufunzwa, na ikiwa ni hivyo kuwaua watoto wao ni uuaji usio na mjadala, wala mtu mwema hana cha kuchagua. Ama hawana hiari, ni uovu mtupu uliovaa ngozi, na ikiwa ni hivyo pia hana cha kuchagua. Msimulizi ambaye hajaamua ni lipi kati ya mawili haya lililo kweli katika nchi yake, kisha akamhukumu mchezaji kwa lolote atakalolitenda, amemdhulumu. Amua, na uamuzi wako uutangaze mapema, kwa mfano kwa kumleta orki mzee afuaye vyuma katika kijiji cha mpakani ambaye wote wamezoea kununua viatu vya farasi kwake. Ukishaamua kwamba wana hiari, usiuweke mtihani mlangoni mwa pango. Upeleke mbele, kwenye asubuhi ya pili, shujaa atakapokuwa na watoto kumi na wawili wenye njaa na njia ya siku mbili kufika ngomeni, na huko ngomeni wako wajane ambao waume zao waliuawa na baba za watoto hawa, na chakula cha wajane hao ndicho kile kile kitakachogawanywa. Hapo rehema imekutana na haki ana kwa ana, na kila upande una uso wa mtu. Mjane anayesema hataki kuwaona watoto hao si mwovu, wala shujaa anayewaleta si mpumbavu, na msimulizi hana haja ya kuinua sauti wala kumwaga damu.

Namna hii ya kukutanisha fadhila mbili ilionyeshwa kwa ustadi mkubwa katika mchezo wa kompyuta, Ultima IV, aliouandika Richard Garriott na kuutoa mwaka 1985, nami namshauri kila msimulizi aujue hata kama hana haja na kompyuta. Mchezo ule hauna adui mkuu wa kuuawa mwishoni. Kusudi lake ni mchezaji awe kielelezo cha fadhila nane, nazo ni ukweli, huruma, ushujaa, uadilifu, kujitolea, heshima, utakaso wa roho na unyenyekevu. Hata kabla ya safari kuanza, mwanamke mtabiri hupanga karata zake mezani na kuuliza maswali saba, na katika kila swali hukutanisha fadhila mbili, nawe huna budi kuiweka moja mbele ya nyingine. Na jibu la mwisho ndilo linalokufanya uwe mtu wa namna fulani, kwani aliyeishika heshima mpaka mwisho huanza safari akiwa paladini, na aliyeushika unyenyekevu huanza akiwa mchungaji. Ndani ya mchezo muuzaji wa madawa ya sihiri ni kipofu: hukutajia thamani ya ulichochukua, nawe mwenyewe huandika kiasi unacholipa, wala hakuna askari anayekuja ukimpunja. Lakini mchezo umehesabu, na baadaye sana, utakapokwenda kuuliza hali ya nafsi yako, utaona athari yake. Hilo la kipofu si mtihani wa heri mbili, nakubali; nimelitaja kwa sababu ya utulivu wake, kwa maana wema hupimwa vizuri zaidi pale ambapo muziki haukubadilika na hakuna aliyetangaza kwamba sasa unapimwa.

Miaka mitatu baadaye Garriott alitoa Ultima V, akaonyesha fadhila zile zile nane zikiwa zimegeuzwa sheria za serikali na mtawala aitwaye Blackthorn, ambaye mwongo kwake hukatwa ulimi na asiyetoa nusu ya mapato yake kwa maskini hunyang'anywa mapato yote. Msimulizi mwenye paladini mezani hana hazina kubwa kuliko adui wa namna hii, anayesema maneno yale yale ya shujaa, anayetaka mambo yale yale, naye ameondoa hiari tu. Mwache shujaa amsikilize kwanza akiwa mgeni wake, ale chakula chake, aone kwamba mitaa ya mji ni salama na hakuna mtoto anayeomba. Usimwonyeshe gereza ila siku ya tatu.

Nitakuonyesha sasa ujenzi wa mtihani mmoja tangu msingi hata paa, ili uone kazi yake ilivyo. Tuseme shujaa wako, mwanamke mwenye upanga na farasi, ameapa ahadi mbili miongoni mwa nyingine: kutimiza neno lake, na kutomwacha mwenye njaa. Katika kikao cha kwanza ajeruhiwe njiani, auguzwe na bibi kizee wa kijiji kilicho chini ya mlima, na bibi huyo umpe mambo madogo ya kukumbukwa: hukohoa anapocheka, ana mjukuu asiyependa kuvaa viatu, hukataa kulipwa. Katika kikao cha pili au cha tatu shujaa afike ngome ya juu ya mlima, ale pamoja na askari arobaini wanaolinda njia, ajue majina ya watatu au wanne kati yao, na mkuu wao ampe mkono na kumwambia kwamba theluji ikishafunga njia hawatapata chakula tena mpaka majira ya kuchipua. Naye shujaa aahidi kuwaletea ngano. Usimlazimishe kuahidi. Ukiwa umewajenga watu hao vizuri, ataahidi mwenyewe.

Kikao cha tano anarudi na magari matatu na magunia sitini, na theluji imekwisha kuanza juu ya mlima; ana siku mbili. Anapita kijijini akakuta ghala limeungua. Wala usiwalete wanakijiji wakilia na kushika hatamu za farasi, maana kilio kingi humfanya mchezaji ahisi anasukumwa, na anayesukumwa hujitetea badala ya kufikiri. Mlete bibi kizee peke yake, asimame kando ya njia, aseme: "Mwanangu, sikuombi kitu. Nakuuliza tu, magunia hayo yanakwenda wapi?" Kisha nyamaza. Mchezaji akiuliza hesabu, mpe yote kwa usahihi, kwa sababu mtihani unaotegemea jambo lililofichwa hurudi kuwa mtego: magunia sitini yanatosha ngome mpaka theluji iyeyuke, magunia thelathini yanatosha nusu ya majira, kijiji kina watu themanini, na bila ya ngano wazee na watoto wachanga hawatafika mwisho wa baridi. Ngome ikianguka, waporaji walio ng'ambo ya mlima watashuka, na kijiji cha kwanza njiani mwao ni hiki hiki.

Sasa jambo gumu kuliko yote kwa msimulizi: usiwe na jibu. Usifiche gari la nne nyuma ya kilima, wala usiandike katika daftari lako kwamba jibu sahihi ni kugawanya. Mchezaji akibuni njia ya tatu, mathalani awachukue wanakijiji wote wakakae ngomeni, ipokee kwa furaha na uiweke kwenye mizani kama njia nyingine zote: wazee watapandaje, mkuu wa ngome atasemaje akiona vinywa themanini vipya, na ng'ombe waliobaki watachungwa na nani. Njia ya tatu isiyo na gharama huufuta mtihani, na njia ya tatu yenye gharama huukamilisha. Waache wenzake waliomo safarini waseme kwa vinywa vya wahusika wao, mwizi na mchawi na mwingine yeyote, kwa maana mara nyingi maneno mazuri ya kikao hutoka hapo, na muda utakaopita mkibishana kuhusu magunia sitini usiuonee uchungu hata mapigano mliyoyapanga yakiahirishwa.

Mitihani ya uzito huu isije kila kikao. Shujaa anayetahiniwa kila juma huwa kama jahazi lisilopewa hata usiku mmoja wa kutia nanga, na baharia wake mwishowe huacha kujali pepo zinavuma kutoka wapi. Mmoja kwa vikao vinne au vitano watosha, na kati yake mwache mtu mwema aone matunda ya wema wake: mtoto aliyemwokoa akue, mfungwa aliyemsamehe alipe deni lake, mtu aliyesikia habari zake amfungulie mlango. Wasimulizi wengi huisahau sehemu hii kabisa, wakamfanya kila aliyesamehewa arudi na kisu, na baada ya mara mbili mchezaji amejifunza kwamba katika nchi yako rehema ni ujinga. Umemfundisha wewe, usimlaumu akianza kuwaua mateka.

Ikiwa mnapenda dadu ishiriki katika mambo ya moyo, utazameni mchezo wa Pendragon alioutoa Greg Stafford mwaka 1985, unaohusu mashujaa wa Mfalme Arthur. Humo kila shujaa ana jozi kumi na tatu za tabia, kama rehema na ukatili, ukarimu na uchoyo, ukweli na udanganyifu, na kila jozi jumla yake ni 20, hata mwenye rehema 16 ana ukatili 4. Inapofika hali ya kujaribiwa, shujaa aliye mashuhuri kwa rehema hurusha dadu ya pande ishirini, na ikianguka kwenye 16 au chini yake, rehema imemshinda, atake asitake. Mtu anayefikiri kwamba hili linamnyima mchezaji uhuru hajaona linavyofanya kazi pale tabia mbili zilizo juu zinapokutana, uadilifu 17 na rehema 16 mbele ya ndugu aliyeiba. Hapo dadu haichagui badala ya mtu, bali humfichulia mtu jambo la nafsi yake ambalo hakulijua, naye hubaki na kazi ya kuishi nalo.

Wala hapana lazima ya kwenda Uingereza ya kale kutafuta mashujaa. Katika utenzi wa Fumo Liyongo ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, shujaa huyo akiwa amekimbilia mwituni kwa Wasanye na Wadahalo, mfalme wa Pate huwaahidi wenyeji wake fedha ili wamwue, nao hupanga kula makoma kwa kikoa, kila mmoja apande mkoma kwa zamu yake, ili zamu ya Liyongo ikifika wampige mishale akiwa juu. Naye huyaangusha makoma kwa mishale yake bila ya kupanda. Ukitaka kisa hiki kiwe mchezo, usimpe mchezaji nafsi ya Liyongo. Mpe nafsi ya kijana mmoja wa mwituni, mwema na mkweli, aliyekwisha kula na mgeni huyu chombo kimoja na kufundishwa naye kupiga upinde, kisha ajue usiku mmoja kwamba baba zake wamekwisha kutoa neno lao kwa watu wa Pate. Akimwonya mgeni, amewavunjia heshima wazee wake na pengine kuwaletea hasira ya mfalme. Akinyamaza, amemsaliti aliyemwamini. Kesho asubuhi wanakwenda mkomani, na yeye ndiye aliyepewa zamu ya kwanza ya kupanda.

Kwako mchezaji unayemwigiza mtu mwema nina maneno machache. Kiapo ulichoapa ni chako wewe, hakikuwafunga wenzako. Hakuna kinachouharibu mchezo kwa haraka kama paladini anayemkagua mwizi mifukoni kila jioni, na wenzako hawatakuwa wema kwa kuhubiriwa. Mwizi akitaka kumkata koo mlinzi aliyelala, usiseme "simruhusu". Mwambie jinsi gani wewe utamfunga mlinzi huyo na kumbeba, na kwamba utachukua hatari ya kupiga kelele. Toa mali yako, damu yako, usingizi wako, usitoe vya wengine, na utaona kwamba watu watakufuata kwa hiari yao mahali ambapo amri isingewafikisha. Na utakapofika njiapanda usimtazame msimulizi usoni kutafuta jibu analolitaka. Sema kwa sauti sababu mbili zinazokuvuta, kila moja kwa haki yake, ndipo uchague. Kwa kufanya hivyo wenzako wote wataingia katika mtihani wako, na hata wasiokubaliana nawe wataheshimu ulichokichagua.

Yamebaki mambo ya baada ya kuchagua. Shujaa akielekea kuvunja kiapo, mwonye waziwazi kabla hajatenda, kwa maneno haya au yanayofanana nayo: "Ukilitenda hili, ahadi yako ya pili imevunjika, na wewe unajua." Asiangukie shimo asiloliona. Akiisha kutenda kwa kujua, usiondoe vipawa vyake kwa ghadhabu. Muulize mchezaji mwenyewe anaonaje, je, nuru iliyokuwa ikimjia akisali inakuja bado, na mara nyingi atajihukumu kwa insafu kubwa kuliko utakavyomhukumu wewe. Ikiwa ameamua kwamba imeondoka, basi toba yake isiwe fedha anayompa kasisi wala uchawi wa dakika moja, bali iwe safari ya kumrudia yule yule aliyedhulumiwa, ambaye ana haki ya kukataa kumsamehe, na kukataa huko kusiamuliwe kwa dadu. Na ikiwa hakuvunja chochote, ila kati ya heri mbili alichagua moja na nyingine ikapotea, asiadhibiwe hata kidogo. Lakini walioikosa ile nyingine wawepo, wana majina, nao waseme. Kwa hiyo kama ngano ilikwenda mlimani, kikao kinachofuata ukianzishe kijijini, na msemaji wa kwanza awe yule mjukuu asiyependa viatu. Na kama ilibaki kijijini, kianze langoni mwa ngome, mkuu wa askari akihesabu magunia yaliyofika, na umwachie mchezaji wako nafasi ya kumjibu.